Chakula cha Usiku Lamu Huagizwa Asubuhi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia kwa hasira. Alikuja Lamu likizo, akatoka kutafuta chakula saa tatu usiku, akapita mikahawa ya ukingo wa bahari mmoja baada ya mwingine, na kila alichoulizia akaambiwa kimekwisha. Waliomkubalia samaki walimweka zaidi ya saa nzima. Akamalizia kwa kusema watu wa pwani ni wavivu, hawajui biashara.

Neno hilo limenichoma na sitalipita kimya. Mimi nimekulia jikoni mwa mama yangu mdogo, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na yeye huwapikia wageni chakula cha usiku nyumbani kwake. Najua sahani ile inavyofika mezani. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wageni huja na subira yote ya kutazama milango ya nakshi na vichochoro, lakini wakikaa kula subira hiyo hawanayo.

Sikiliza kazi yenyewe. Asubuhi mama mdogo huenda soko lililo kando ya Ngome kuangalia wavuvi wameleta nini. Akipata kolekole au changu mzuri, hununua kiasi cha watu walioagiza, basi. Samaki aliyelala hampikii mgeni. Nyumbani nazi hufuliwa, huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, na kasimile, yaani tui zito, hutengwa kando, kisha tui jepesi ndilo linaloingia kwenye wali. Samaki hukatwa chale, hupakwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akakaa mpaka viungo vimwingie. Jioni hulazwa juu ya makaa. Akishakauka vizuri ndipo huanza kupakwa lile tui zito lililochemshwa na viungo, anageuzwa, anapakwa tena, anageuzwa tena. Ukiharakisha, tui linaungua kwa juu na ndani samaki ni maji. Sasa mtu aje saa tatu usiku, aketi, aseme anataka wa kupaka na ana njaa sana. Atapewa nini kama si samaki wa kukaanga haraka haraka, au jibu kwamba wamekwisha? Aliyemweka yule dada saa nzima alimheshimu kuliko waliomjibu kwa mkato.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: agiza asubuhi, au adhuhuri ikichelewa sana. Pita, toa salamu, uliza leo kumepatikana nini, mkubaliane bei na saa. Saa nzuri ni baada ya sala ya isha, wapishi wakiwa wametulia. Ukiingia nyumba ya mtu jioni sema masalkheri kabla ya kutaja njaa yako. Na toa arbuni, yaani sehemu ya malipo kabla.

Hapo kwenye arbuni niacheni niseme. Zamani mama mdogo hakuwa akiichukua. Siku moja walikuja vijana wanane kutoka Nairobi, wachangamfu, wakamwita mama, wakaagiza wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa kamba na mkate wa mofa. Sisi tukapanda juu ya paa tukatandika mikeka na kuwasha taa. Isha ikapita. Makaa yakafunikwa majivu. Nikatumwa gatini kuwatazama, nikawakuta wamekaa mahali pengine wanakula, kuna mtu amewavuta njiani. Mmoja akaniinulia mkono, akasema, “Tutakuja kesho.” Kesho hawakuja.

Mama mdogo hakutukana mtu. Alipakua sahani moja moja, tukazungusha kwa majirani, nyingine tukapeleka kwa watoto wa madrasa. Pesa ya sokoni ilikuwa ya kukopa. Miaka imepita na bado nikimwona mtu akiagiza chakula kwa kinywa chepesi, kifua hunibana. Ahadi ni deni, na deni la mtu aliyekukunia nazi ni zito kuliko unavyodhani. Usimwite mtu mama kama huna nia ya kurudi kula alichokupikia. Ukiombwa arbuni usinune. Toa kwa moyo mweupe, na ukibadili nia peleka habari kabla ya adhuhuri.

Kama hukuagiza, usilale na njaa. Nenda uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, na upite ukingo wa bahari. Baada ya magharibi utapata mishkaki, viazi karai, bhajia na juisi ya ukwaju. Ramadhani ndiyo raha zaidi: mchana mikahawa mingi imefungwa, lakini usiku mji huwa macho na chakula kipo mpaka saa ambazo kwenu watu wamelala. Kileo usikitafute mjini, mikahawa mingi haiuzi. Funika mabega na magoti, unapita mbele ya misikiti.

Na jambo la kurudi, ambalo wageni wengi hulisahau. Ukialikwa kula kijiji cha Shela na wewe umelala mjini, ni kama kilomita 3. Unaweza kutembea ufuoni, lakini muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, sehemu ya njia humezwa na hutapita kwa viatu. Ukienda kwa boti, kubaliana na nahodha safari zote mbili kabla hujapanda, na mpe saa ya kukufuata. Ukimwita usiku ukiwa umeshiba na umechoka, bei anaipanga yeye. Mei na Juni, kusi likivuma, mashua nyingi haziendi mbali, samaki hupungua na baadhi ya hoteli za Shela hufunga kabisa. Miezi hiyo usije umeahidi familia yako kamba wakubwa, agiza biriani ya mbuzi.