Mpango wa mafuriko wa mtaa: watu wenye ulemavu waondoke kwenye angalizo la njano, wasisubiri nyekundu

Mkuu, umeuliza kamati ya maafa ya mtaa wako wa bondeni iandike nini kuhusu watu wenye ulemavu kabla masika haijaanza, na rasimu yenu ina sentensi moja tu: "makundi maalumu yatapewa kipaumbele". Ifuteni. Maji yakiingia saa nane usiku, sentensi hiyo haisemi nani abebwe, na nani, wala saa ngapi.

Anzeni na majina. Mjumbe akibisha hodi na kuuliza "hapa kuna mlemavu?" ataambiwa hakuna. Wengine huficha, na bibi ambaye masikio yamezeeka hajihesabu humo. Tumieni maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. "Unapata shida kutembea au kupanda ngazi?" Anayejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" aandikwe. Daftari hilo msilibandike ofisini wala kulirusha kwenye grupu la WhatsApp: linaonyesha nyumba zenye mtu asiyeweza kukimbia, na kwa wenye ualbino hatari yake mnaijua.

Kila jina liwe na wasaidizi wawili, na awachague mwenyewe, hasa akiwa mwanamke. Kosa linalojirudia ni kuandika vijana wawili wa bodaboda, ambao mchana wote hawapo. Mmoja awe mtu wa kushinda nyumbani.

Mipango mingi huvunjikia kwenye muda. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Pimeni wenyewe muda wa kuondoka: siku mvua imetoka kunyesha, msukumeni mtu kwenye kiti cha magurudumu kutoka kwake hadi shule mnayokimbilia, saa mkononi. Njia ya dakika kumi kwa miguu inaweza kula nusu saa, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye tope. Kigeuzeni kiti, kiinamisheni nyuma kidogo, mkivute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Mkilazimika kukinyanyua na mtu akiwa ndani, shikeni fremu. Sehemu za kuegemeza mikono na za kukanyagia huchomoka. Yeye ndiye anayekijua kiti chake, kwa hiyo muulizeni kwanza pa kushika.

Muda mlioupata uzidisheni mara mbili kwa ajili ya giza na maji, ndipo mwamue huyo aondoke kwenye rangi gani. Kwa wengi jibu ni njano: akalale kwa ndugu wa mlimani mpaka angalizo liishe. Kuna siku mvua haitakuja, kwa hiyo tengeni fungu la nauli na chakula. Bila hilo, angalizo la tatu hakuna atakayetoka.

Kipaza sauti cha msikitini na filimbi havimfikii kiziwi. SMS inasaidia, ila si kila kiziwi anasoma vizuri; ombeni Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) wawaunganishe na mkalimani, mrekodi mapema video fupi ya lugha ya alama. Usiku lazima mtu aende nyumbani kwake, na wakubaliane kabla jinsi ya kumwamsha: tochi dirishani, au simu ya mtetemo chini ya mto. Asiyeona msimvute mkono, mwacheni ashike kiwiko cha anayemwongoza. Maji yakishafunika mtaro, fimbo nyeupe haimpi tena ukingo aliouzoea.

Mkoba wa kila mmoja ufungwe kwenye nailoni: dawa za siku saba (za kifafa zisikatike hata siku moja), mipira ya mkojo kwa anayeitumia, tyubu na pampu ya kiti, mafuta ya kujikinga na jua kwa mwenye ualbino.

Kwenye shule mnayokimbilia, kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wenye urefu wa mita 1.8; ubao mfupi wenye mwinuko mkali itampindua mtu kichalichali. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90, na ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti. Msiache choo kiwe cha mwisho, maana asiyeweza kukifikia huacha kunywa maji kutwa nzima, na kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo hapo ndipo maambukizi ya mkojo yanapoanzia.