Sijui saizi yangu, na nguo zangu zinanikaa

Dada, nimesoma ulivyoandika kwamba ndani ya miaka mitatu umetoka saizi 12 mpaka 16, una sherehe mwezi ujao, na dukani ulipoletewa hiyo 16 uliirudisha bila hata kuijaribu. Ukauliza mtu anafanyaje ili namba isimharibie siku. Wengi hapo juu wamekujibu ujipende. Sina ubishi nao, ila mimi kujipenda kwa kuambiwa hakukunifikisha popote. Kilichonisaidia ni futi kamba.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa na sketi ya kijivu, kitambaa kigumu kisichovutika, saizi 12. Nilipoinunua nilijua inabana. Kulikuwa na 14 inaning'inia pembeni yake, nikaiona, nikaikwepa kama mtu anayenidai. Zipu niliifunga nikiwa nimelala chali kitandani. Siku ya mkutano mkubwa kazini nikakaa nayo saa nne nzima nikivuta pumzi kwa vipimo. Sikumbuki hata nilichangia nini. Nakumbuka kalamu ilianguka nikaiacha chini, maana kuinama ilikuwa haiwezekani. Jioni nilipoivua, ubavuni meno ya zipu yalikuwa yamejichora moja moja, ungeweza kuyahesabu. Na ndani yake kuna lebo nyeupe, ndogo kuliko kidole gumba, imeandikwa 12. Siku nzima hakuna mtu hata mmoja aliyeiona.

Nikaipeleka kwa shangazi yangu, ambaye ni fundi, aiongeze. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akanyamaza. Kisha akaniita nisogee kwenye mwanga. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimeanza kuachana, matundu ya sindano yamepanuka hadi unaona upande wa pili. Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono ni sentimita moja tu. "Hapa sina cha kufungua, mwanangu," akasema. "Aliyekata kabana kitambaa, na wewe umekuja kubana mwili."

Akachukua futi kamba, akanipima, akaandika kwenye daftari lake. Nikachungulia: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Saizi hakuna. Nikamuuliza, sasa mimi ni saizi gani? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa leo yeye ni saa ngapi.

Ndipo nikaanza kufuatilia hizi namba zimetoka wapi, maana nilidhani kuna mahali watu walikaa wakakubaliana. Kupima kulifanyika kweli. Marekani, mwaka 1939 na 1940, wizara ya kilimo (usicheke, ni kilimo kweli, ilikuwa na idara ya mambo ya nyumbani) ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Ila hesabu walizozitumia zilikuwa za wanawake weupe tu. Kwa msingi huo, mwaka 1958 ikatoka chati rasmi ya saizi, ambayo viwanda havikulazimishwa kuifuata. Ikarekebishwa mwaka 1970, na mwaka 1983 ikafutwa. Tangu hapo kila kampuni ina chati yake, na kampuni zilishajua kwamba mteja hununua kwa moyo mkunjufu akiambiwa ni mdogo. Basi nguo zikapanuka, namba zikabaki palepale. Kwenye ile chati ya 1958, saizi 8 ilikuwa na kiuno cha inchi 23 na nusu. Vaa 8 ya Marekani ya leo uone, imezidi hapo kwa inchi kadhaa.

Na hapo hatujavuka mpaka. Gauni linaloitwa 6 Marekani huitwa 10 Uingereza, 36 Ujerumani, 38 Ufaransa na 42 Italia. Kwa hiyo, ile 16 iliyokuliza, kama ni ya Uingereza, Marekani wanaiita 12. Ungepanda ndege ungeshuka na saizi yako ya zamani bila kupungua hata gramu moja.

Hata ndani ya kampuni moja usiamini. Nina suruali mbili za dengrizi, lebo moja, namba moja, nilizinunua siku moja. Ya kwanza inaingia, ya pili inagoma mapajani. Nikazilaza kitandani nikazipima kiuno: zimepishana sentimita tatu. Shangazi akanieleza kwamba kiwandani kitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja. Tabaka zikiteleza kidogo, kipande cha juu na cha chini havilingani. Kisha dengrizi hufuliwa, na hairudi kwa kiasi kilekile kila mara. Wanaume nao wasijione wamepona. Suruali ya mume wangu imeandikwa 34, watu wanaamini hizo ni inchi. Niliipima ikatoa 36 na nusu. Nikamwambia, akasema futi kamba yangu imeharibika.

Sasa njoo kwenye unachoweza kufanya kabla ya sherehe. Jipime ukiwa na chupi tu au nguo nyepesi sana. Kiuno ukikikosa, jikunje upande mmoja; pale panapojikunja ndipo penyewe. Pumua kawaida, usivute tumbo ndani, hapo humdanganyi mtu isipokuwa zipu. Nyonga zipime pale palipojaa zaidi, siyo kwenye mfupa. Kisha hiki ndicho kipimo ambacho hakuna aliyenifundisha, nilikigundua mwenyewe: kaa kwenye kiti na ujipime tena. Mimi nikikaa, nyonga zinaongezeka sentimita tano. Sketi ya kijivu ilikuwa imepimiwa mwanamke aliyesimama maisha yake yote.

Halafu chukua nguo yako moja unayoipenda, ile mkono unaikimbilia asubuhi bila kufikiri. Ilaze chini, ipime upana wa kiuno na nyonga, zidisha mara mbili. Tofauti kati ya hapo na mwili wako ndiyo nafasi unayoihitaji wewe ili ujisikie vizuri. Kwangu, kwa kitambaa kisichovutika, ni sentimita tano hadi sita kwenye nyonga. Kinachovutika unaweza kwenda karibu zaidi. Dukani nenda na futi kamba yako mkobani. Siku ya kwanza niliona haya kidogo kupima magauni mbele za watu, baadaye nikazoea. Siku hizi napima nguo tano kwa muda niliokuwa natumia kuvua viatu nijaribu moja.

Ukiwa kwenye chumba cha kujaribia, usisimame ukajitazama tu. Kaa. Inua mikono. Chuchumaa kama unaokota kitu. Nguo huwa inasema yenyewe: mikunjo inayotoka kwenye kifungo kama miale ya jua maana yake kifua kimebanwa, mifuko ya pembeni ikiachama kama masikio, nyonga hazijatoshewa, pindo la nyuma likipanda juu kuliko la mbele, makalio yameomba kitambaa hayakupewa. Hakuna hata moja katika hayo inayosema mwili umekosea. Nunua inayotosha pale ulipo mpana zaidi, halafu fundi apunguze kwingine. Kupunguza ni kazi ndogo. Kuongeza, umesikia shangazi alivyosema.

Jambo moja nikutahadharishe, maana nililipitia. Baada ya sketi ile niliogopa kubanwa, nikahamia kwenye magauni mapana kama mahema, karibu miaka miwili. Nilidhani nimejikomboa, kumbe nilikuwa najificha. Nguo isiyokugusa popote haikupunguzi, inamfanya anayekuangalia akisie, na watu hukisia vikubwa. Mabega ndiyo yaliyonitoa huko. Mshono wa bega ukikaa juu ya mfupa wake, hata gauni pana linaonekana limeshonwa kwa ajili yako. Ukiteremka mkononi, unaonekana umeazima.

Lebo nilizikata zote, Jumapili moja, kwa kifumulia nyuzi. Kama utafanya hivyo, bakiza ile yenye maelekezo ya kufua. Mimi nilikata kwa hasira nikaja kufua sweta la sufu kwa maji ya moto, sasa analivaa binti yangu wa miaka tisa. Usitegemee kwamba kukata lebo kutakubadilisha siku hiyohiyo. Mimi ilichukua miezi, na hata sasa nikisoma namba kubwa kuna kitu tumboni kinashtuka. Ila kinashtuka, kinapita, nachukua nguo naenda nayo kaunta. Kujiamini kwangu ni kudogo tu kama huko: kalamu ikianguka mkutanoni, naiokota.

Na zile nguo ulizosema umezitunza kabatini za "nikipungua", ziondoe mbele ya macho. Mimi zangu zilikuwa zinanikaripia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Mbili zilikuwa na akiba ya kutosha kwenye mshono, shangazi akazifungua na ninazivaa. Nyingine nikagawa. Ya kijivu aliikata akashonea kimto cha kuchomekea pini na sindano. Nikienda kwake nakiona mezani, kimechomwa kila upande, na nakiri huwa nafurahi.

Mwezi mmoja unatosha. Jipime leo, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, uandike hapa kiuno na nyonga pamoja na aina ya kitambaa unachokitaka, nikukadirie gauni liwe na sentimita ngapi. Saizi usiniandikie.