Seva mbili zilinitia aibu, ya tatu ikaniokoa

Ilikuwa msimu wa masika, saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mlinzi wa kiwanda kimoja cha samaki huku Ilemela akanipigia simu. "Fundi, kile chumba chako kinanuka." Usiku ule radi zilikuwa zimepiga vibaya. Wenyeji wa Mwanza wanajua mchezo huu: mawingu hukusanyika juu ya ziwa usiku, na ngurumo hutuamsha kabla ya adhana.

Nilikuta seva, kompyuta kuu ya kiwanda, imekufa. Diski zake nne zilikuwa nzima kabisa, tena nimezipanga kwa RAID, moja ikifa nyingine zinaendelea. Kilichoungua ni madabodi pamoja na kadi ya RAID inayoziendesha. Kwa hiyo data yote ipo, nimeishika mkononi, na sina pa kuisomea. Tulisubiri siku nne kadi ya aina ileile ifike kwa basi kutoka Dar. Siku hizo nne sangara walipimwa na kuandikwa kwenye daftari, na mhasibu wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, kila akipita mlangoni pangu alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. RAID inalinda diski. Mashine iliyobeba hizo diski haina mlinzi.

Nikanunua seva ya pili, iliyotumika, nikaziunganisha ili kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinakiliwe kwenye ya pili papo hapo. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inashika usukani yenyewe. Nilijiona bingwa kwa miezi kadhaa, mpaka kebo ya netiweki iliyoziunganisha ikalegea. Hakuna seva iliyokufa, ila kila moja ikaona mwenzake hajibu, ikadhani amefariki, ikarithi kazi. Mafahali wawili zizi moja. Nusu ya risiti za siku ile ziliingia huku, nusu kule, na namba za risiti zikagongana. Nilizipatanisha kwa mkono, moja moja, wiki nzima, na mama mhasibu akiwa amekaa pembeni yangu na rula yake.

Tatizo la mashine mbili ni akidi. Katika kikao cha watu wawili, mmoja akinyamaza, aliyebaki hawezi kujua kama mwenzake amekufa au ni yeye mwenyewe aliyefungiwa nje. Wakiwa watatu, wawili wakisikilizana wana wingi wa kura na wanaendelea na kazi. Yule aliye peke yake anajua hana akidi, kwa hiyo anajizima. Huko kujizima ndiko kunakookoa data, maana mashine moja pepe (kompyuta ya programu inayokimbia ndani ya seva) haiwezi tena kuwaka sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kama fedha inatosha seva mbili tu, ongeza kompyuta ndogo ya bei poa iwe shahidi. Haitunzi data, kazi yake ni kupiga kura tu. Usiiweke ndani ya mojawapo ya seva hizohizo mbili. Nimeona watu wakifanya hivyo, na sijui walikuwa wanawaza nini.

Sasa nina seva tatu, programu ya Proxmox ikiendesha mashine pepe na ya Ceph ikitunza data. Ukitaka kuelewa hifadhi ya namna hii, nenda mwaloni Kirumba, soko la samaki, uangalie kile kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Karani anaandika mara moja, maandishi yanatokea kwenye karatasi tatu, na hakupi risiti yako mpaka zote zimeandikwa. Ceph nayo iko hivyohivyo. Programu inapohifadhi ankara, seva moja inaipokea, inaipeleka kwa nyingine mbili, na haisemi "tayari" mpaka nakala zote tatu zimekaa kwenye diski, kila moja ndani ya seva yake. Seva moja ikiungua saa nane usiku, nakala mbili zilizobaki zina kila kitu hadi mstari wa mwisho uliothibitishwa.

Hapa wauza vifaa hupenda kutia chumvi, wakikwambia hutahisi chochote. Utahisi. Data imesalimika, lakini mashine pepe iliyokuwa inakimbia kwenye seva iliyokufa imekufa nayo, pamoja na kila kilichokuwa kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda. Klasta, yaani kundi zima la seva, husubiri kidogo, inajiridhisha, kisha inaiwasha upya kwenye seva nyingine. Kwangu huchukua dakika mbili tatu. Mtu aliyekuwa katikati ya kujaza fomu ataanza upya.

Nafasi ndiyo inayowaponza wengi. Nakala tatu maana yake terabaiti 12 za diski zinakupa 4 za kutumia, na hizo 4 usizijaze. Ceph huanza kulalamika diski ikifika asilimia 85, na ikifika 95 inakataa kuandika kabisa. Ukiwa na seva tatu kuna mtego mwingine. Tuseme kila seva ina diski mbili, zote zimejaa asilimia 60. Diski moja ikifa, baada ya dakika kumi hivi Ceph inaanza kujenga upya nakala zilizopotea, na kwa kuwa kila seva lazima iwe na nakala yake, mzigo wote unaiangukia diski iliyobaki ndani ya seva ileile. Sitini na sitini ni mia na ishirini. Hauingii. Kwa hiyo bora diski nyingi ndogo kuliko chache kubwa, na ziwe SSD (diski za chipu) za seva zenye kinga ya umeme kukatika. Za kompyuta za mezani zinajikokota mno pale kila andiko linapotakiwa kuthibitishwa.

Seva nzima ikifa kati ya tatu, nakala ya tatu haina pa kwenda, kwa hiyo utabaki na mbili mpaka uitengeneze. Kazi inaendelea. Lakini ya pili nayo ikifa kabla hujamaliza, Ceph kwa mpangilio wake wa kawaida inasimamisha kazi badala ya kukubali kuandika kwenye nakala moja. Wenye seva nne hulala vizuri zaidi, kwa sababu nakala ya tatu inapata nyumba nyingine siku hiyohiyo.

Yote haya ni kazi bure kama seva zako zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Usicheke, nilikuwa hivyo. Seva tatu, UPS (betri ya akiba) moja, swichi ya netiweki moja. Sasa kila seva ina UPS yake, na swichi ni mbili. Ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini, nayo ilitutesa: mji huu umekaa juu ya mawe, fimbo ya shaba inagonga jabali kabla haijazama mita moja. Fundi umeme alilazimika kutafuta udongo upande wa bondeni na kuvuta waya hadi huko. Mwulize fundi wako akuonyeshe vipimo vya ethi, asikwambie tu "iko poa bosi".

Kuna siku kijana wa stoo alifuta folda ya mwaka mzima kwa bahati mbaya. Klasta ilimtii vizuri sana: ilifuta nakala zote tatu kwa mpigo. Karani akikosea kilo, karatasi zote za kaboni zinakosea naye. Kilichotuokoa ni bakapu ya usiku uliotangulia, iliyokuwa kwenye mashine nyingine nje ya klasta. Kila Ijumaa nakala moja zaidi nainakili kwenye diski ya nje, naifunga kwa taulo, napanda nayo daladala hadi nyumbani Nyegezi. Konda mmoja ameshazoea kuniuliza kama ni samaki.

Halafu jaribu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kuhakikisha bakapu imekamilika na nakala zote ni nzima, nachomoa waya wa umeme wa seva moja. Sibonyezi kitufe cha kuzima, maana radi haibonyezi kitufe. Nakaa na saa mkononi, nahesabu dakika, nasubiri mashine pepe ziwake upande wa pili. Mara ya kwanza mama mhasibu alisimama mlangoni mikono kifuani mpaka skrini yake iliporudi. Siku hizi anachungulia tu. "Mwanangu, leo unachomoa ipi?" Nikimjibu, anaenda kuchemsha chai.