Saturn ilishakufa lakini gari bado zinatembea: soma hii kabla hujampa mzee hela yake

Mkuu umeuliza kama uchukue Saturn SL2 ya 2001, otomatiki, maili 131,000, mzee wa mtaani kwako anaitaka dola 1,500, na jamaa wa kazini wamekutisha kwamba kampuni ilishakufa zamani spea utatoa wapi. Nilikuahidi nitajibu vizuri nikitoka shifti ya usiku, nimetoka, nimekunywa chai, sasa sikiliza.

Mimi niko hapa Columbus, Ohio na nimeendesha Saturn mbili kuanzia 2009 mpaka 2019. Ya kwanza SL1 ya 1998 gia ya mkono, ya pili SL2 ya 2002 otomatiki. Moja niliiua kwa kutokujua, nyingine nimeifikisha maili 240,000 na ushee. Kwa hiyo nitakayokwambia sijayasoma tu, mengine nimeyalipia.

Ile ya kwanza niliinunua Oktoba 2009, nina mwaka mmoja tu Marekani, nafanya kazi kwenye ghala ambako basi la mwisho linapita saa 5 usiku na sisi tunatoka saa 7. Mama aliyekuwa anauza alikuwa anataka 2,600 akaniachia kwa 1,700, na sababu ni kwamba wiki chache nyuma, tarehe 30 Septemba, habari zilitoka kuwa Roger Penske, tajiri mwenye mtandao wa kuuza magari, amejitoa kuinunua Saturn. GM (General Motors, kampuni mama ya Saturn) ilifilisika Juni mwaka huo na ilikuwa inatafuta wa kumkabidhi, Penske akakubali, lakini hana kiwanda, alitegemea kampuni nyingine imtengenezee magari huko mbele, hiyo kampuni bodi yake ikakataa, bas, dili likafa siku hiyo hiyo na GM ikatangaza inafunga. Yule mama aliniambia kabisa anaona kama ameshika gari ya marehemu. Mimi nikashukuru Mungu nimepata usafiri.

Sasa unaweza kujiuliza ilikuwaje kampuni ya watu wenye hela kama GM ikafunga jina ambalo wateja walikuwa wanalipenda vile. Manake walilipenda, siyo utani. Saturn ilianzishwa rasmi tarehe 7 Januari 1985, enzi za mwenyekiti wa GM Roger Smith, wakati Toyota na Honda ndogo zinawachinja Wamarekani sokoni. Wazo likawa tusichukue Chevrolet tukaibandika nembo mpya, tuanze kitu kipya kabisa, kiwanda chake, injini yake, giaboksi yake, hata mkataba wake wenyewe na chama cha wafanyakazi UAW. Wakaenda kujenga Spring Hill, Tennessee, kusini mwa Nashville, kijiji cha mashamba hicho. Wafanyakazi walikaa kwa timu, timu ina sauti kwenye maamuzi, na sehemu ya mshahara ilifungwa kwenye malengo ya ubora na mafunzo. Gari ya kwanza ilitoka tarehe 30 Julai 1990, ndani yake wamekaa Roger Smith na Owen Bieber rais wa UAW, yani bosi na chama kwenye gari moja. Kwa Marekani ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida.

Alafu uuzaji wao. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, hakuna kuvutana. Sisi tuliozoea Kariakoo tunaona kupatana ndiyo raha yenyewe, lakini kwa Mmarekani kwenda kununua gari ilikuwa ni siku ya kuumwa tumbo, unakaa masaa na muuzaji anakwenda kwa meneja anarudi, anakwenda anarudi. Saturn wakaliondoa lote hilo. Ukikabidhiwa funguo wafanyakazi wa shoruumu wanaacha kazi wanakuzunguka wanakupigia makofi. Mwaka wa kwanza kuna gari zilijazwa kulanti (maji ya kupozea injini) mbovu inayokula chuma, wangeweza kubadilisha injini wakamaliza, wao wakabadilisha gari nzima, zaidi ya 1,800, mteja anachukua mpya. Ndiyo maana Juni 1994 walipoalika wenye magari waje kiwandani wakatembee, walikuja zaidi ya watu 40,000 kutoka Marekani nzima, wengine wamelala njiani siku mbili, kwenda kuona kiwanda tu! Mwaka huo huo waliuza zaidi ya gari 280,000, namba ya juu kuliko zote walizowahi kupata.

Kilichowaua kwa maoni yangu ni njaa. Mafanikio yalipokuja, vitengo vingine vya GM vikaanza kulalamika kwamba hela zinakwenda Tennessee, na Saturn ikakaa miaka inasubiri gari mpya haiji. Hebu fikiria S-Series, yani familia ya hizi SL1 na SL2, ilitoka 1990 na mifupa ile ile ikaendelea mpaka 2002, sura walibadilisha ila chini ni gari ile ile, na kwenye muda huo Honda Civic ilishabadilika kizazi mara 3. Gari ya pili, L-Series, imekuja modeli ya 2000, na yenyewe ni Opel ya Ulaya iliyovalishwa nguo, inaundwa Delaware siyo Spring Hill. Mwishoni mwa 2003 wafanyakazi wenyewe wakapiga kura kurudi kwenye mkataba wa kawaida wa GM, na hapo ile roho ya mwanzo ikawa imeisha. 2007 Spring Hill ikaacha kutengeneza Saturn. Kinachouma ni kwamba gari nzuri zilikuja wakati mgonjwa ameshazidiwa, Aura ilichukua tuzo ya gari bora ya mwaka Amerika Kaskazini 2007, Astra ikaletwa kutoka Antwerp Ubelgiji, na miaka 2 baadaye kila kitu kimefungwa. Mwaka 2010 shoruumu za mwisho zikazima taa. Kiwanda chenyewe hakijafa, leo kinaunda Cadillac za umeme.

Turudi kwenye hiyo SL2 yako.

Kwanza uelewe mwili wake. Milango, fenda na bampa ni plastiki, boneti, paa na buti ni bati. Toroli la supamaketi likigonga mlango, mlango unabonyea unarudi, nimeshuhudia mara nyingi tu. Utaona nafasi kati ya mlango na fenda ni kubwa usifikiri ilipata ajali, plastiki inavimba kwenye joto kwa hiyo waliacha nafasi makusudi. Lakini usidanganyike ukasema gari haina kutu. Huku kwetu wanamwaga chumvi barabarani miezi 4, juu inang'aa chini inaliwa. Januari 2014 bomba la breki la ile SL2 lilipasuka nikiwa nashuka kilima kidogo, pedali ikaenda mpaka chini, nikashika hendibreki na gia ndogo nikasimama kwenye theluji ya pembeni. Kwa hiyo lala chini na tochi uangalie mabomba ya breki na ile fremu inayobeba injini, hata kama mzee anakuangalia vibaya.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike yote haya, hizi injini za lita 1.9 zinakula oili. Siyo zote, ila nyingi mno, na siyo kwamba inavuja utaona alama chini, hapana, inaichoma humo humo ndani kimya kimya. Ringi ya chini ya pistoni inayokwangua oili ina vitundu vidogo vya kurudishia na ni vichache, masizi yakiziba ringi inaganda, oili inapita juu inaungua. Injini inachukua chupa 4 tu, zile za Kimarekani ambazo hazifiki lita. Ikila chupa moja kila maili 1,000 na wewe unabadilisha oili kila maili 4,000 kama ulivyofundishwa, piga hesabu mwenyewe imebaki nini.

SL1 yangu ilikufa hivyo. Nilikuwa nabadilisha oili kwa wakati, napeleka garage, nalipa, narudi, naamini nimetimiza wajibu wangu, na fundi hakuniambia hata siku moja kwamba kila nikija sampo (bakuli la oili chini ya injini) iko karibu tupu. Ile taa nyekundu ya oili haikwambii oili imepungua mkuu, inakwambia presha haipo, ukiiona umeshachelewa. Iliwaka Agosti 2011 kwenye barabara kuu ya 71 natokea Cincinnati, nikasikia cheni inapiga kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, kabla sijapata pa kutokea injini imenoki. Tensha (kikaza) ya cheni inasukumwa na presha ya oili, oili ikiisha cheni inalegea na mengine yanafuata. Niliuza chuma chakavu kwa dola 250 nikarudi kupanda basi miezi 4, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza.

SL2 ya pili nayo ilikuwa inakula, chupa moja kila maili 900 hivi, tofauti nilikuwa najua. Kila Jumamosi asubuhi gari imepoa natoa kijiti cha oili, nafuta, nachovya tena, naongeza. Oili ya kuongezea ilikaa kwenye buti kama mtu anavyobeba tairi ya akiba. Kuna watu wanatoa plagi wanamimina dawa ya kuyeyusha masizi juu ya pistoni inalala usiku kucha, nilifanya mara 2, ikapunguza ikaenda mpaka maili 1,400 kwa chupa. Dawa kamili ni kufungua injini uweke ringi mpya na kuongeza matundu kwenye pistoni, lakini kwa gari ya dola 1,500 sikushauri, nunua oili.

Sensa ya temperecha ya injini nayo muhimu. Za mwanzo zilikuja na ncha ya plastiki inapasuka, maji yanaingia ndani ya sensa, kompyuta inadhani injini ina baridi wakati imeshachemka. Matokeo inanywa mafuta, inawaka kwa shida, na otomatiki inabadilisha gia kwa kukurusha. Garage moja huku ilitaka nibadilishe giaboksi, dola 1,800 wananiambia. Nikaenda kuuliza wenye Saturn wenzangu wakaniambia toa kwanza ile sensa uiangalie, nikatoa, ncha imepasuka, mpya yenye ncha ya shaba hata dola 20 haikufika. Gia zikatulia siku hiyo hiyo.

Na giaboksi zenyewe, ugonjwa wake halisi uko kwenye rivasi. Unaweka rivasi, inasubiri, alafu inaingia kwa kishindo kama umegongwa nyuma, hasa ikishapata moto. Kishindo kidogo unaishi nacho, kikubwa ondoka, ukitaka kuendelea mpunguzie mzee bei kwa hela ya kutengeneza vali bodi (sehemu inayoongoza mabadiliko ya gia kwenye otomatiki). Kizuri ni kwamba filta yake iko nje unaizungusha kama filta ya oili, badilisha na maji ya giaboksi yote mara tu ukiinunua.

Spea usiogope. Jina ndilo limekufa, vitu vya kawaida kama breki, sensa, filta, mauntini za injini vinapatikana duka lolote la spea. Shida ni vitu vya bodi na vya ndani, hivyo ni yadi za magari chakavu, na kila mwaka S-Series zinapungua humo. Ukiikuta ya rangi yako chukua fenda na taa ukaweke stoo.

Jamaa aliyekushauri uchukue Saturn Ion badala ya hiyo SL2, awe makini. Ion ni moja ya gari zilizoitwa kwenye ule msala wa swichi za funguo wa GM 2014, gari inazima ukiwa mwendoni na eabegi hazifunguki, watu walikufa. Ukiiona Ion hakikisha kwa namba ya chesisi kwamba swichi ilibadilishwa. Vue, ile SUV ya Saturn, ya 2004 mpaka 2007 yenye V6 ni nzuri, injini yake ni ya Honda, ila za mwanzo zenye silinda 4 na giaboksi isiyo na hatua (CVT) zikimbie.

Mwaka 2016 tulikwenda Nashville kwenye harusi, nikapita Spring Hill makusudi na SL2 yangu. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja akaja, hakunisalimia kwanza, akaugonga mlango kwa ngumi, akapitisha kidole kwenye ule mwanya wa fenda. Kumbe alihama Michigan na familia yake kuja kufanya kazi pale tangu mwanzo, milango ilikuwa kazi yake. Akaniuliza maili ngapi nikamwambia 212,000, swali lililofuata likawa unaangalia oili? Nikafungua boneti nikamwonyesha chupa niliyotoka kuongeza dakika ile. Tukasimama pale karibu nusu saa, mke wangu anasubiri ndani ya gari na watoto.

Kwa hiyo mkuu, mwambie mzee asiiwashe kabla hujafika. Toa kijiti kwanza ikiwa baridi, kikiwa kikavu muulize ameongeza lini mara ya mwisho, akikujibu bila kufikiri ujue anaijua gari yake. Iwashe, moshi wa asubuhi ukiisha mwambie mwanao akanyage mafuta wewe simama nyuma uangalie kama unatoka wa bluu. Endesha dakika 20 mpaka ichemke, alafu weka rivasi mara 3 kwenye tambarare. Ikipita hapo mpe 1,300, yuko peke yake anauza Saturn mwaka huu atakubali. Weka picha ya kijiti na ya chini kwenye mabomba, mimi naingia kulala, nikiamka saa 10 jioni nitaziangalia.