Shukrani Iwe na Jina: Kumshukuru Mungu Mezani, Kanisani na Mtaani

"Ee Bwana, tunakushukuru kwa yote uliyotutendea." Sala hii husemwa kila siku katika nyumba za Wakristo, wala si sala mbaya. Ila mtu anaweza kuisema mwaka mzima bila kukumbuka jambo hata moja alilotendewa. Yule mwenye ukoma mmoja kati ya kumi, katika Luka 17, hakurudi kushukuru kwa "yote". Alijitazama akaona amepona, akageuka palepale akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu. Alikuwa na jambo, alikuwa na wa kumwendea, na hakungoja. Shukrani ikikosa mojawapo ya hayo matatu hubaki maneno.

Tuanze mezani, maana ndipo familia inapokutana. Sala ya chakula isizidi nusu dakika. Taja kilichopo, aliyekipika, na mmoja ambaye leo hana: "Bwana, asante kwa samaki huyu wa changu na wali huu wa nazi, asante kwa dada aliyesimama jikoni, umkumbuke jirani yetu aliyelazwa hospitali ya Bombo." Basi, mle. Mtoto wa miaka minne anaweza kuiongoza sala hiyo akipewa zamu, na atataja vitu ambavyo watu wazima hawavioni. Kinachoharibu sala ya mezani ni mzazi kuigeuza mahali pa kukaripia: "Bwana, msaidie huyu asiyependa kusoma." Mtoto huyo hatajifunza kushukuru, atajifunza kuogopa kufumba macho.

Akiwepo mgeni Mwislamu, na hapa Tanga atakuwepo, omba kama siku zote, kwa ufupi. Yeye ataanza kwa bismillahi yake. Usimlazimishe kushikana mikono wala kuitikia amina.

Kwa jioni tunapendekeza daftari. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Simu haifai sana, kwa sababu ukiifungua kuandika utakutana na ujumbe kumi. Chora safu nne: tarehe, jambo, kwa mkono wa nani, na ya mwisho, "nimemwambia?" Andika jambo moja au mawili tu kabla ya kulala. Safu ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi. Mungu hutusaidia mara nyingi kwa mikono ya watu: konda aliyekurudishia chenji uliyoisahau, muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa genge aliyekukopesha nyanya mwisho wa mwezi. Kila Jumamosi pitia safu ya nne. Palipo wazi, piga simu au pita umwone.

Baada ya wiki mbili hivi daftari huanza kuchosha. Utajikuta unaandika uzima, afya, chakula, kisha tena uzima, afya, chakula. Hapo jiwekee sharti kwamba neno lililoandikwa wiki hii halirudiwi hadi wiki ijayo. Utalazimika kutazama siku yako kwa makini, na ndiyo sababu ya kuwa na daftari.

Aliyefiwa au anayeuguza asilazimishwe kuandika shukrani. Mpeni Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini, na inafika kwenye wimbo mwishoni kabisa. Mtu anaruhusiwa kukaa kwenye mistari miwili ya kwanza kwa miezi.

Kanisani

Sadaka ya shukrani isichanganywe na zaka wala na bahasha ya ahadi. Andika juu ya bahasha jambo lenyewe kwa maneno machache: "Mtoto kupona malaria", "Kumaliza deni la ada". Mkabidhi mzee wa kanisa au katibu kabla ibada haijaanza, si wakati matangazo yanasomwa. Kama hutaki jina lisomwe, andika hivyo wazi. Ni haki yako, na Mathayo 6 iko upande wako.

Anayeleta mazao afikirie kwamba yatakaa madhabahuni saa mbili au zaidi, katika joto letu la pwani, kisha yanadiwe nje. Machungwa ya Muheza yakatwe jioni ya kuamkia Jumapili, kila moja libaki na kikonyo kifupi. Likivutwa kwa mkono ngozi huchanika pale juu na ndipo uozo unapoanzia. Nazi zifuliwe nyumbani, lakini acha kishungi cha makumbi juu ya macho yake ili zisiharibike upesi. Mayai yatumbukizwe kwenye maji kwanza, linaloelea usilipeleke. Kuku afungwe miguu kwa kitambaa au kamba nene, si kwa uzi wa nailoni unaokata, anyweshwe maji na awekwe kivulini, wala asitiwe ndani ya mfuko. Samaki mbichi usilete. Ukiwa mvuvi, uza samaki wako ulete fedha, au leta waliokaushwa.

Mnada wenyewe ni mzuri ukibaki shukrani. Huharibika wanaume wawili wanapoanza kushindana kupandisha bei ya mkungu mmoja wa ndizi ili waonekane. Mnadi mwenye busara hufunga bei mapema akaendelea na kitu kingine. Utaratibu bora tuujuao ni mnunuzi kutaja, palepale, mjane au mzee atakayepelekewa alichonunua. Na asikope mtu ili anunue, wala asiahidi kwa jazba ya kwaya. Mhubiri 5 inasema wazi kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe.

Ukipewa nafasi ya ushuhuda, dakika tatu zinatosha: hali ilikuwaje, nini kilitokea, unamshukuru Mungu kwa lipi. Usitaje ugonjwa wa mtu mwingine, hata akiwa mwanao, bila ruhusa yake. Na aliyepona asitangaze kwamba ameacha dawa. Mwenye presha, kisukari au anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU amshukuru Mungu na aendelee kumeza dawa hadi daktari aseme vingine. Kuna watu kwenye benchi la nyuma wanaosikiliza na watakaokwenda kufanya walivyosikia.

Shukrani ya nyumbani

Hapa ndipo wengi huomba ushauri: mtoto amehitimu, mama amejifungua salama, nyumba imeezekwa, na familia inataka kuwaita watu. Kabla ya kuhesabu sufuria, someni Walawi 7. Nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile, isibakizwe hadi asubuhi. Nyumba moja haimalizi mnyama mzima kwa siku moja, kwa hiyo aliyeshukuru alilazimika kuwaita wenzake. Sheria hiyo hatuko chini yake, lakini inaonyesha shukrani ilikuwa na sura gani: ilikuwa karamu yenye watu. Ibada ya ndugu wa ukoo peke yao, geti limefungwa, harufu ya pilau ikitoka nje, hiyo tunaiona imepungukiwa.

Majirani wa mitaa ya Tanga kama Ngamiani au Makorora wengi ni Waislamu, na kuwaalika kunataka maandalizi. Mnyama achinjwe na Mwislamu, na majirani wajue ni nani amechinja. Sufuria na miiko iwe ambayo haijawahi kupikiwa nyama ya nguruwe. Kama una shaka, azima kwa jirani huyohuyo unayemwalika, naye atakula kwa amani. Pombe isiwepo kabisa, hata nyuma ya nyumba. Usiweke shughuli Ijumaa mchana. Mwezi wa Ramadhani ahirisha, au peleka futari nyumba kwa nyumba badala ya kualika. Saa inayofaa ni saa kumi na robo jioni, swala ya alasiri imekwisha na magharibi bado. Adhana ikianza, zima spika mpaka imalizike. Ukristo si mgeni katika mkoa huu, pale Magila karibu na Muheza kuna kanisa tangu karne ya 19, na kuishi vizuri na jirani kumechangia kulifanya lidumu.

Hesabu ya chakula: kilo moja ya mchele hutosha watu saba au wanane. Kwa watu 40 nunua kilo 6 za mchele, kilo 6 za nyama, viazi kilo 4, vitunguu kilo 2 na mafuta lita moja. Pilau hushindwa kwa sababu mbili. Kwanza, vitunguu huondolewa motoni kabla havijawa vya kahawia, na rangi yote ya pilau inatoka pale. Pili, mpishi anapima maji kana kwamba mchele haujalowekwa; uliolowekwa nusu saa unataka maji pungufu, la sivyo utapata bokoboko. Kama mfuko hauruhusu, usikope. Chai ya maziwa lita 12, sukari kilo moja, na vitumbua viwili kwa kila mtu, ni shukrani kamili.

Ibada iwe ya saa moja. Wimbo, sala, somo kutoka Zaburi ya 103 au 116, mwenye shukrani aseme mwenyewe dakika tano, neno la mchungaji au katekista dakika 15, sala ya baraka, chakula. Adui wa ratiba hii ni hotuba. Mjomba akizungumza, shangazi naye atataka, kisha shemeji, na saa kumi na mbili watu bado wana njaa na majirani wameaga kwenda kuswali. Chagueni msemaji mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, muwaambie siku mbili kabla.

Wasiofika, yaani bibi asiyetoka, mama mwenye kichanga, wapelekewe sahani iliyofunikwa kawa mapema, kabla wageni hawajapakuliwa. Wakiletewa baada ya watu kuondoka wamepewa makombo, na watajua.

Kuna shukrani isiyo na ibada yoyote nayo husahaulika zaidi. Fundi aliyeezeka hiyo nyumba inayoombewa awe amelipwa chake chote kabla ya siku ya ibada. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na sauti hiyo itasikika juu ya kwaya yenu. Binti wa kazi aketi kula wakati wageni wanakula, siyo baada ya kuosha vyombo. Muuguzi aliyekuhudumia usimpe fedha mkononi, maana itamletea shida kazini. Andika barua fupi yenye jina lake, tarehe na alichofanya, uitie kwenye sanduku la maoni au umpelekee mkuu wa wodi.

Ikitokea msiba mtaani siku hiyohiyo, ibada ya shukrani inaahirishwa. Msiwashe spika, msivae sare. Pilau ikiwa imeshaiva, wanawake wa nyumba waibebe na sufuria zake waipeleke msibani, wanaume wakasaidie kufunga turubai, na tarehe nyingine mtaipanga baada ya mazishi.