Ukienda zuu ya Entebbe, mpe mnyama nafasi yake

Muhula wa tatu ukikaribia simu yangu haipumziki, hapa Busia, Uganda, kila mzazi na kila mwalimu mwenzangu anataka kujua safari ya Entebbe inakuwaje, basi ni shilingi ngapi, watoto wabebe nini, simba wanaonekana kweli au ni stori tu. Nimesindikiza watoto huko miaka mingi sasa, wa shule yetu na wa shule jirani, kwa hiyo mambo ya basi na chakula nitayagusa, lakini sio hayo yanayonikaa moyoni. Kinachonikaa ni vile tunavyoenda kumuona mnyama aliyefungiwa tukiamini kwamba kumpenda ni kumgusa, kumlisha, kumuita na kumpigia kelele mpaka atugeukie. Nimesimama mbele ya vile vizimba mara nyingi na ninachosema nakisema kwa uhakika: mgeni unayempenda mnyama kweli, muache atulie.

Pale penyewe sote tunapaita zuu ingawa jina rasmi ni kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori, wenyewe wanaandika UWEC. Iko ukingoni mwa ziwa Victoria, kutoka Kampala ni kama kilomita 40 hivi, na ilianza mwaka 1952 enzi za mkoloni kama makao ya wanyama yatima, baadaye ikawa zuu ya kawaida ya kutazama tu, halafu 1994 ikageuzwa kuwa kituo cha elimu. Historia hii huwa nawapa watoto kwenye basi kabla hatujafika maana inabadilisha kabisa macho yao. Wanyama wengi wa pale hawakukamatwa ili sisi tuje tuwatazame. Kuna waliotolewa kwenye mitego ya waya, kuna walionyang'anywa wafanyabiashara wa magendo, kuna waliofugwa nyumbani kwa watu wakiwa wadogo wazuri halafu wakakua na kumshinda mwenye nyumba. Mtoto akishajua hilo haingii pale na fujo, anaingia kama anayekwenda kuona wagonjwa wodini.

Wanaowashika watu zaidi ni sokwe. Wamewekwa kwenye kisiwa kidogo kimezungukwa na maji, wana majukwaa ya kupanda na nyasi za kukalia, na sisi tunasimama ng'ambo. Sokwe hawezi kuogelea ndiyo maana maji yanatosha kuwa ukuta. Hapo ndipo utaona watu wazima na heshima zao wanarusha mikono, wanapiga makofi, wanaiga sauti ya sokwe, na sokwe akifunua meno yote umati unacheka unasema ona anacheka, ametupenda. Siku moja mtunzaji mmoja alisogea taratibu akamwambia baba mmoja aliyekuwa anapiga makofi kwa nguvu, "Mzee, samahani, huyu hacheki, huyu anaogopa." Akatuonyesha tuangalie vizuri: midomo imevutwa nyuma, meno ya juu na ya chini yote yako nje, mabega yamepanda, na mkono mmoja unamtafuta mwenzake aliye karibu amshike. Sokwe akicheza na kufurahi mdomo unalegea wazi na meno ya juu mara nyingi yanafunikwa na mdomo. Tangu siku ile darasa langu lolote nikilifikisha pale nawaambia kwanza mtazame mdomo na mabega kabla hujacheka. Na watoto wanashika haraka kuliko sisi, dakika tano tu unasikia mmoja ananong'ona, "Ticha, yule wa kulia hana raha, turudi nyuma kidogo." Ukisikia hivyo ujue pesa ya safari imelipa.

Swali ambalo haliachi kuulizwa ni kwamba kama wanawapenda hivyo si wawarudishe msituni? Ni swali zuri na ukiwa mzazi ujiandae nalo. Sokwe mdogo ananyonya mpaka miaka minne au mitano, na hata akiacha kunyonya anabaki na mama yake miaka mingine, huko ndiko anajifunza tunda gani linaliwa, kiota kinajengwaje, nani wa kuogopa. Na mama sokwe hamuachii mtu mtoto wake. Mwindaji akitaka mtoto mmoja wa kuuza inabidi amuue mama, na mara nyingi auwe na wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Yule mtoto aliyebaki anakulia mikononi mwa watu, haogopi watu, hajui msitu, na ukimpeleka kwenye msitu wa Kibale au Budongo leo madume wenye eneo lao wanaweza kumuua kama mgeni, tena anaweza kuwapelekea magonjwa yetu. Misitu yenyewe inapungua. Ndiyo sababu pakaanzishwa kisiwa cha Ngamba mwaka 1998, kiko ziwani kama kilomita 23 kutoka Entebbe, ekari kama 100 za msitu na sokwe wapatao 50 waliookolewa. Hata huko msitu hauwatoshi, kwa hiyo wanaletewa matunda na mboga kila siku na jioni wanaitwa ndani wanapewa uji wanalala, na majike wanawekewa dawa ya uzazi maana makao ya yatima sio mahali pa kuzalisha yatima wengine. Nikiwaeleza wazazi jambo la dawa ya uzazi wanashangaa lakini mimi naliona ni uamuzi wa haki.

Nimkumbuke sokwe Zakayo hapa. Aliletwa Entebbe mwaka 1976 na akafa 2018 akiwa na miaka 54, alikuwa mzee wa sokwe wote pale, walimu walionitangulia walimuona walipokuwa wanafunzi na wakaja na watoto wao wamuone. Alipofariki watu waliomboleza, magazeti yakaandika. Na mimi nilihuzunika sana, lakini nafikiria pia zile zaidi ya miaka 40 za makelele na makofi yetu, kila wikendi, kila sikukuu, ndiyo yalikuwa maisha yake. Uhusiano wetu na yeye ulikuwa mrefu kuliko ndoa nyingi na upande wake hakuna aliyemuuliza.

Sasa chakula, maana hapa ndipo tunaharibu sana. Usimpe mnyama chochote. Chochote kabisa, si ndizi, si njugu, si kipande cha chapati. Watu wanajibu ah ndizi moja itamfanya nini, lakini wewe ni mmoja na nyuma yako kuna basi kumi za shule, kila mtoto na ndizi yake, na mtunzaji ameshapima chakula cha siku nzima. Halafu vitu vyenyewe tunavyorusha vinakwenda na kavera zake, yaani mifuko ya plastiki. Mbuni anameza chochote kinachong'aa, kifuniko cha soda, sarafu, pini, na kuja kukitoa tumboni ni operesheni. Tena sokwe na sisi tunafanana mno mwilini, mafua yako ya kawaida yakimfikia yeye yanaweza kuwa nimonia, kwa hiyo mtoto mwenye kikohozi mwambie ukweli siku hiyo abaki mbali na sokwe, au abaki nyumbani, najua ni kilio lakini ndivyo ilivyo. Na wale tumbili wanaozunguka huru pale bustanini sio wa kuchezea, wakiona rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, mkononi mwa mtoto wanaichukua na mtoto akiing'ang'ania anang'atwa. Chakula kikae kwenye basi, mle nje kabla au baada, watoto wanywe maji tu wakiwa ndani.

Mnyama anayelala ni kitu kingine kinachotukasirisha bure. Tumelipa, tumetoka Busia usiku, tunamkuta simba kajilaza! Simba analala hata masaa 20 kwa siku hata akiwa porini, hiyo ndiyo kazi yake, na mamba akitulia juani kinywa wazi hajafa, anarekebisha joto la mwili. Nimeona kijana anaokota kokoto amrushie mamba "aamke", nikamshika mkono. Na yule ndege wa kinamasi cha Mabamba mwenye domo pana, shoebill kwa Kiingereza, ambaye watalii wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumuona, anaweza kusimama muda mrefu bila hata kutikisa shingo na hivyo ndivyo anavyowinda. Kama mnataka kuona wanyama wakitembea fikeni asubuhi mapema wakati wa ubaridi, yaani mlale Kampala au Entebbe yenyewe kama mnatoka mbali kama sisi, maana ukifika saa saba mchana na jua lile hutaona kitu zaidi ya migongo.

Lakini kuna kutembea kwa aina nyingine na huku nataka mkujue. Ukimuona mnyama anapita njia ileile, anafika kona anageuka, anarudi, anageuka palepale, nyasi zimeisha zimebaki udongo mtupu, huyo hafanyi mazoezi. Ni dalili kwamba akili yake haina kazi, au ana wasiwasi. Kasuku mwenye hali hiyo anajinyofoa manyoya mwenyewe kifuani mpaka ngozi inaonekana. Mnyama mwenye njaa ya kazi hapoi kwa kuongezewa chakula, anapoa kwa kupewa cha kutafuta, ndiyo maana watunzaji wazuri wanaficha matunda kwenye mashimo ya magogo, wanapaka asali mahali pagumu kufikia, wanabadilisha kamba na matawi. Ukiona vitu hivyo kwenye kizimba usidhani ni uchafu. Na ukikuta zuu yoyote, nchi yoyote, ambayo kizimba ni sakafu ya simenti na bakuli la maji basi, uliza maswali kwa upole lakini uyaulize, na usiwape pesa ya kupiga picha na mnyama. Mtoto wa chui anayeshikwa na watu mia kwa siku ili wapige selfi hapati usingizi wa kukua.

Kuna kufungia kunakofaa pia, sitaki msomaji aondoke na wazo kwamba seng'enge zote ni mbaya. Vifaru wa Uganda walikwisha kabisa porini kufikia 1983, waliuawa kwa ajili ya pembe miaka ya vita. Mwaka 2005 wakaletwa weupe wanne kutoka Kenya wakawekwa kwenye hifadhi inayoitwa Ziwa, kule Nakasongola, ndani ya uzio na askari, na mwaka uliofuata wakaja wawili kutoka Marekani, kutoka bustani ya Disney kule Florida. Mwaka 2009 akazaliwa ndama wa kwanza na kwa kuwa baba alitoka Kenya na mama Marekani wakamuita Obama! Watoto wangu wakisikia hili wanapiga kelele za furaha. Leo wako zaidi ya 30. Bila uzio kama ule mtoto wa Uganda angemjua kifaru kwenye kitabu tu.

Lakini nirudi mjini kwetu, maana zuu mbaya kuliko zote ziko majumbani. Kulikuwa na tumbili mmoja amefungwa kamba kiunoni kwenye mwembe mbele ya kibanda cha chakula, njia ninayopita kwenda shule. Manyoya yalikuwa yameisha kiunoni pote, kamba imekula ngozi, na wateja walikuwa wanampa soda iliyobaki kwenye chupa, akiishika kwa mikono miwili wanacheka. Mwenye kibanda hakuwa mtu mbaya, aliniambia "Mwalimu, huyu tunampenda, anakula kuliko watoto wangu." Na naamini alimpenda. Nilikaa naye tukanywa chai, nikamueleza kwamba tumbili ni mnyama wa kundi, anachambuliwa manyoya na wenzake kutwa nzima, hapo yeye ana watu na hana hata tumbili mmoja, tena akikomaa atang'ata mtoto wa mteja na kesi itakuwa yako. Nikamueleza na sheria pia. Hatukugombana. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu, wakaja watu wa mamlaka ya wanyamapori na sanduku, wakamchukua taratibu.

Sheria ya wanyamapori ya 2019 ni kali, kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na kwa wale walio hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kasuku wa kijivu wanaopitishwa kutoka Congo wamo, tangu 2017 biashara yao ya kimataifa imefungwa. Korongo wetu mwenye taji, huyu wa kwenye bendera, watu wanaiba vifaranga bwawani wawaweke uani kwa urembo kama kuku, jamani, ndege wa taifa! Usinunue hata kwa huruma. Najua unamuona kwenye kikapu barabarani kakauka na kiu na moyo unakwambia mkomboe kwa elfu hamsini, lakini muuzaji kesho anarudi kuchukua wawili. Kumbuka sura ya mahali, piga simu kwa mamlaka, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu.

Na kama tayari unaye nyumbani, usimfungulie tu ukamuacha kwenye kichaka cha karibu ukajisikia umetubu, hajui kutafuta chakula, atarudi kwenye jiko la jirani na jirani atampiga. Mpigie mamlaka ya wanyamapori au UWEC waje wamchukue. Mpaka wafike muweke kivulini, maji safi, mbali na mbwa na watoto, usimpe maziwa ya ng'ombe, na usiwaite majirani waje kumuona.