Kitambaa cha zamani poa, ila angalia ndani ya mshono

Wiki hii mmeuliza kama nguo zinazoshonwa kwa vitambaa vilivyokwisha kuvaliwa zinadumu kweli au ni fasheni ya kupigia picha tu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ilala, Dar es Salaam, vitambaa vyangu vingi natoa mtumba wa soko la Karume, na nasema zinadumu vizuri tu, mradi fundi ameacha akiba ya kitambaa ndani, kitu ambacho wabunifu wengi wa siku hizi hawataki hata kusikia.

Zamani mzazi akishonesha sketi ya shule anakwambia kabisa fundi acha pindo kubwa, mtoto akirefuka linafumuliwa, na ubavuni unabakiza vidole viwili vya kutanulia. Sasa hivi mtu anaunga jinzi mbili, mshono anaukata mwembamba anapiga ovaloki juu, ule mshono wa ukingoni wa kuzuia nyuzi zisichomoke, mteja akinenepa kidogo tu ndo basi tena, nguo inakuwa dekio. Hapo umeokoa mazingira gani jamani?

Halafu kitambaa chenyewe kinataka jicho. Mimi napenda mashati ya kiume makubwa, yale ya XXL ambayo wengi wanayaruka, maana kola na makwapa ndo vinatangulia kuchoka ila mgongo unakuta bado mzima, migongo miwili unatoa gauni la mtoto bila shida. Jinzi nayo inakwisha mapajani na magotini, chini ya goti bado ngumu. Ila usije ukaunga jinzi ya kuvutika na ile ya pamba tupu, ukifua mara kadhaa moja inalegea nyingine iko vilevile, mshono unajikunja na hakuna pasi itakayounyoosha. Na fua kila kitu KABLA ya kukata, pamba ikilowa inarudi, yaani inapungua ukubwa. Khanga kuukuu usitupe, bitana yake, yaani kitambaa cha ndani ya nguo, tamu sana na haichomi ngozi.

Wajawazito nawawekea lastiki nyuma ya kiuno, kamba ubavuni na vifungo mbele, gauni hilohilo anavaa na tumbo, ananyonyeshea, baadaye anakaza kamba tu anaenda nalo kazini.

Bei ndo watu wananuna, wanasema "si kitambaa cha zamani tu hiki, mbona ghali?" Kufumua kunakula muda kuliko kushona kipya. Kuna wateja wangu wanafumua wenyewe nyumbani kwa wembe wananiletea vipande vimeshafuliwa, hao nawapunguzia.